Mkopo wa kusomea kazi mpya uchumi ukiyumba: Pima haya kabla ya kutia sahihi

Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa sababu ya corona. Walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi kadhaa bila mshahara. Hotelini nako, hasa Pwani, wafanyakazi walipigwa kalamu au wakapelekwa likizo isiyo na malipo. Mwaka huo uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3.

Wakati kama huo swali ni lilelile: mbona nisirudi darasani nisomee kazi nyingine? Na kama karo haipo, mbona nisikope?

Wazo si baya. Ukiwa huna kazi, kukaa darasani hakukunyimi mshahara. Shida ni kwamba deni halingoji upate ajira. Unaweza kumaliza kozi uchumi ukiwa bado umelala, na tarehe ya kulipa ikawa imefika.

Anza na kazi, si kozi

Wengi huanza kwa kutafuta chuo. Anza upande wa pili. Soma matangazo ya kazi unayoitaka uone waajiri wanadai cheti gani. Kisha ongea na watu wawili watatu walioingia kwenye kazi hiyo juzijuzi. Waulize mshahara wa kuanzia, si wa bosi. Waulize pia walitafuta kazi kwa muda gani.

Jiulize kama unahitaji darasa kweli. Kama tayari una ujuzi wa mkono, kwa mfano ushonaji, uashi au umeme, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mitihani ya ufundi kwa gredi tatu. Unaweza kupata cheti bila kukopa karo ya miaka miwili.

Chuo kinatambuliwa?

Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA, na vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Hakikisha chuo kimo kwenye orodha, kisha uliza kuhusu kozi yenyewe. Kwa uuguzi, uhandisi au sheria, baraza la taaluma hiyo lina usemi wake. Chuo kinaweza kuwa halali, na kozi yako ikakataliwa.

Marekani waliyaona haya. Baada ya mdororo wa 2008, watu wengi walirudi masomoni kwa mikopo, baadhi yao katika vyuo vya kibiashara. Kampuni ya Corinthian Colleges ikafunga vyuo vyake 2015, na ITT Tech ikafuata 2016. Maelfu ya wanafunzi walibaki na deni bila cheti.

Pesa zinapatikana wapi?

- HELB: Mkopo wa kawaida wa mwanafunzi una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hutakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukikwepa, HELB imekuwa ikitoza faini ya Sh5,000 kila mwezi. Mkopo wa Jielimishe ni wa walio na mshahara, na riba yake ni ya juu zaidi. Ukingoja hadi ufutwe kazi, mlango huo umefungwa.
- Sacco: Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, ila unahitaji wadhamini. Ukishindwa kulipa, wao ndio watakaokatwa.
- Benki: Mara nyingi hutaka hati ya mshahara au dhamana, na malipo huanza mara moja, hata kabla hujamaliza muhula wa kwanza.
- Mikopo ya simu: Mingi hulipwa ndani ya mwezi mmoja, na kozi huchukua mwaka au zaidi. Usilipie karo nayo.

Asilimia 12 mbili zisizofanana

Tuseme umekopa Sh200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ulipe kwa miaka minne.

Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, utalipa kama Sh5,270 kwa mwezi, jumla karibu Sh252,800. Ikihesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa kama Sh6,170 kwa mwezi, jumla Sh296,000.

Riba inaitwa asilimia 12 kote kuwili, lakini tofauti ni zaidi ya Sh43,000. Kwa hiyo usiulize riba tu. Uliza: "Nikimaliza kulipa, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla?" Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo na bima.

Kipimo cha mwisho

Chukua malipo ya mwezi uyaweke kando ya mshahara wa chini kabisa wa kazi mpya. Toa kodi ya nyumba, chakula, nauli na pesa unazotuma nyumbani. Kama deni linalipika tu ukipata mshahara mnono, mkopo huo ni mkubwa kwako. Usitegemee sheria ikulinde: Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato ya jumla kufika theluthi mbili ya mshahara.

Ukiweza, kopa muhula kwa muhula badala ya kuchukua pesa zote mara moja. Mambo yakiharibika katikati, deni litakuwa dogo. Na ukianza, maliza, maana deni la kozi iliyoachwa njiani hulipwa kama la kozi iliyokamilika.

Swali la mwisho kabla ya kutia sahihi: nikikaa miezi sita bila kazi baada ya kuhitimu, nani atalipa? Kama jibu ni jina la mdhamini wako, keti naye leo, mwambie ukweli wote, kisha amueni pamoja.