Kutoka Flopi hadi Ghala Dogo: Historia ya Taswira za Usakinishaji wa Linux kwa Seva Zilizotengwa

Masimulizi ya kawaida ya historia ya Linux huichukulia taswira ya usakinishaji, yaani faili moja linalobeba mfumo mzima ili uandikwe kwenye diski, kuwa masalia ya enzi ya uhaba wa mtandao. Insha hii inaupinga mtazamo huo. Inadai kuwa utengano wa seva umekuwa wa aina mbili: ule ulioletwa na uhaba na ule uliochaguliwa kwa ajili ya usalama. Mpito kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili ulibadili swali la msingi. Wajenzi wa taswira waliokuwa wakiuliza programu zitafikaje walianza kuuliza nani wa kuaminiwa.

Hatua ya kwanza ilitawaliwa na uhaba. Baada ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kutangaza kiini cha Linux Agosti 1991, watumiaji wa mwanzo walilazimika kujikusanyia vipande vya mfumo. Februari 1992, Owen Le Blanc wa Manchester Computing Centre alitoa MCC Interim Linux, mkusanyo uliosakinishwa kwa flopi. Slackware ya Patrick Volkerding ilifuata Julai 1993, na mwezi uliofuata Ian Murdock akatangaza mradi wa Debian. Mwaka 1995, kampuni za Phoenix na IBM zilichapisha kanuni za El Torito, zilizowezesha kompyuta kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye CD. Katika kipindi hicho usakinishaji bila mtandao ulikuwa jambo la kawaida.

Hatua ya pili ilikuwa ya kujiendesha. Mtandao ulipopanuka, ilitosha kuwa na kisakinishi kidogo kilichovuta vifurushi vilivyosalia kutoka ghala la mbali. Kickstart ya Red Hat, na baadaye kisakinishi kipya cha Debian 3.1 cha Juni 2005, viliruhusu majibu ya maswali ya usakinishaji kuandikwa mapema ndani ya faili. Faili hilo lilipounganishwa na ghala dogo la vifurushi katika taswira moja, kama zana ya simple-cdd ifanyavyo, seva iliweza kusakinishwa bila mtandao na bila mtu kugusa kibodi. Ugumu ulibaki katika utegemezi: kifurushi kimoja huhitaji vingine, navyo huhitaji vingine tena. Kilichosahaulika hakipatikani, kwa kuwa seva iliyotengwa haina pa kukiomba.

Hatua ya tatu ilihusu uaminifu. Novemba 2003, wavamizi waliingia katika baadhi ya seva za mradi wa Debian. Debian 4.0, iliyotolewa Aprili 2007, ilikuja na ukaguzi wa sahihi za kidijitali za ghala. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilionyesha kuwa flashi yaweza kuvusha shambulio hadi kwenye mitambo isiyounganishwa na intaneti. Februari 2016, wavamizi wa tovuti ya Linux Mint waliwaelekeza wapakuaji kwenye taswira iliyopachikwa mlango wa siri. Matukio haya hayafanani, lakini yanathibitisha jambo moja: kinachovuka ukuta wa utengano ndicho kinachopaswa kukaguliwa zaidi. Juhudi za ujenzi unaorudiwa, zilizoanza ndani ya Debian mwaka 2013, zinalenga hapo hasa. Wajenzi wawili wasiofahamiana, wakitumia msimbo chanzo uleule, wapate faili zisizotofautiana hata kwa biti moja.

Yaweza kujibiwa kuwa sahihi sahihi inatosha. Hoja hiyo ina kasoro. Sahihi huthibitisha kifurushi kimetoka kwa nani. Haithibitishi kuwa hakina dosari. Aidha, dosari ikigunduliwa baadaye, seva iliyotengwa huendelea kuibeba hadi taswira au ghala jipya lifikishwe kwa mkono. Utengano huzuia shambulio, na kwa ukuta uleule huzuia tiba.

Kwa hiyo, taswira ya usakinishaji inastahili kusomwa kama hati ya kihistoria. Orodha ya vifurushi vyake huonyesha kilichohesabiwa kuwa cha lazima, faili la majibu huonyesha maamuzi yaliyofanywa kabla, na funguo zake huonyesha aliyeaminiwa. Taasisi inayohifadhi taswira pekee na kutupa maelekezo ya ujenzi wake hubaki na mfumo unaofanya kazi, lakini isiyeweza kueleza kwa nini uliaminiwa.