Nani Aliunyamazisha Ufukwe wa Pangani?

Wageni waliochoshwa na msongamano wa Nungwi na Paje siku hizi huelekezana Ushongo, kusini mwa mto Pangani, ng'ambo ya kivuko. Sifa inayotajwa kwanza ni ukimya: mchanga mrefu, minazi, ngalawa chache za wavuvi. Ni ufukwe "usiojulikana", wanasema. Neno hilo hunikera, kwa maana katikati ya karne ya 19 Pangani ilijulikana kuliko Dar es Salaam.

Hapo ndipo misafara iliyotoka Uchagga na Umasaini ilipofikisha pembe za ndovu. Kandokando ya mto palistawi mashamba ya miwa, na sukari yake ilivuka bahari. Miwa hiyo ililimwa na watumwa. Tusiupambe ustawi ule. Agosti 1888, Emil von Zelewski, afisa wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alipokuja kushika madaraka, mji ulimkataa na upinzani ukaenea pwani. Abushiri bin Salim, aliyeuongoza, alinyongwa papo hapo Pangani Desemba 1889. Naye alikuwa mwenye shamba la miwa na watumwa, jambo tusilopenda kulitaja tunapomsifu.

Hata hivyo, si kitanzi kilichounyamazisha mji. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, penye ghuba yenye kina, wakaiacha Pangani ambayo mlango wa mto wake umezibwa na fungu la mchanga. Kadiri reli ilivyosogea kuelekea Moshi, ndivyo mizigo ya bara ilivyouacha mto. Wakati huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na ile 62 iliyonusurika safarini ikapandwa Kikogwe, jirani kabisa na Pangani. Mkonge ukatwaa ardhi kubwa nyuma ya ufukwe. Kisha nyuzi za viwandani zikaiangusha bei yake katika miaka ya 1960, na wilaya ikabaki bila reli, bila bandari ya maana, bila lami. Ukimya anaoulipia mgeni leo ulitengenezwa hivyo, kwa maamuzi ya watu waliokaa mbali.

Bahari yenyewe nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Ushongo, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 kwa sababu ya kasa waliotagia pale. Kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

Sasa barabara ya lami ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo inajengwa, pamoja na daraja la mto Pangani. Siipingi hata kidogo. Mama mjamzito anayesubiri kivuko hahitaji mahubiri yangu kuhusu utulivu. Ninachouliza ni nani atakayekuwa na ardhi ya ufukweni lami ikishafika, kwani bei ya kiwanja husafiri haraka kuliko katapila.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Mita hizo zikiheshimiwa, mvuvi atapata pa kupita na pa kuvutia chombo. Nyuma yake ipo ardhi ya kijiji, na hapo ndipo penye uzito. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Rais ndiye mwenye uwezo wa kuihamisha ardhi hiyo kuwa ardhi ya jumla, ambayo mwekezaji aweza kumilikishwa. Eneo likiwa pungufu ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, akishapokea mapendekezo ya mkutano huo.

Hekta 250 husikika kama shamba la kawaida la mkonge. Ukizipima kandokando ya bahari, kwa upana wa mita 500 kutoka majini, unapata ufukwe wa kilomita tano. Kikao kimoja cha alasiri kinaweza kuridhia karibu urefu huo wote, na mahudhurio huwa hafifu siku za bamvua, wavuvi wakiwa baharini.