Dua ya Deni Chini ya Uluguru

Wengi hulijua jina la Kilakala kwa sababu ya shule yake ya sekondari ya wasichana. Kwa wenyeji wa Morogoro ni kata iliyoegemea Uluguru, ambako mtu akitoka kuswali alfajiri hana pa kuukwepa mlima. Hapo ni mahali pazuri pa kusimulia dua ya mdaiwa, maana riwaya yake mojawapo inalipima deni kwa mlima.

Riwaya hiyo imo katika mkusanyiko wa Imam Tirmidhi. Mtumwa mmoja aliandikiana na bwana wake mkataba wa kujikomboa kwa kulipa kidogo kidogo. Akashindwa. Akamwendea Ali bin Abi Talib kuomba msaada, naye Ali akamfundisha maneno aliyoyapokea kwa Mtume (s.a.w.), akimhakikishia kwamba hata deni lingekuwa mfano wa mlima, Mwenyezi Mungu angemlipia. Maneno ni machache: mja anaomba halali imtoshe asiiendee haramu, na fadhila za Mola zimtosheleze asiwe na haja na mwingine.

Dua ya pili ni ndefu kidogo, na ndiyo inayosikika zaidi misikitini. Imepokewa na Abu Daud: Mtume alimkuta Abu Umama, mtu wa Madina, ameketi msikitini wakati usio wa swala. Alipoulizwa, akasema ni dhiki na madeni. Akafundishwa kujikinga kwa Mola, asubuhi na jioni, dhidi ya wasiwasi na huzuni, unyonge na uvivu, woga na ubahili, kuelemewa na deni na kuonewa na watu. Bukhari naye ameipokea dua inayokaribiana sana na hiyo kutoka kwa Anas bin Malik. Uutazame mpangilio wake: uvivu umetajwa kabla ya deni. Anayeiomba anaomba pia nguvu ya kufanya kazi.

Kinachonigusa zaidi ni yule mtumwa wa riwaya ya kwanza, kwa sababu watu wa njia ya misafara ya Bagamoyo walimfahamu vizuri mtu wa namna yake. Katika karne ya 19 deni na utumwa vilikaa nyumba moja. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafikisha Wazigua wengi pwani, wakauzwa au wakajiuza wenyewe ili wapate chakula. Baadhi yao walisafirishwa hadi Somalia, na wajukuu wao wa bonde la Mto Juba wamekihifadhi Kizigua mpaka leo. Njaa iliporudi katikati ya miaka ya 1880, familia ziliweka watoto rehani kwa nafaka, na rehani isiyokombolewa iligeuka utumwa. Matajiri nao waliishi kwa mikopo: misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ilisimama juu ya mali ya Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja. Tofauti ni kwamba tajiri akikwama aliongezewa muda, na maskini akikwama alichukuliwa mwanawe.

Morogoro yenyewe ilianza katika hali hiyo. Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, aliwakusanya watumwa waliotoroka na watu wengine wasio na pa kwenda, akajenga chini ya Uluguru mji wenye ngome ulioitwa Simbamwene. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, akakadiria wakazi kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa binti yake Kisabengo, mwanamke aliyetoza hongo misafara. Mwaka uliofuata mafuriko yaliubomoa sehemu kubwa. Kwa hiyo kabla reli haijafika, mwaka 1907, ardhi hii ilikwishawapokea watu waliokimbia minyororo, na ya deni ikiwamo.

Wajerumani hawakuufuta utumwa mara moja. Amri ya 1901 iliwapa watumwa haki ya kujikomboa kwa fedha, na nyingine ikawafanya huru watoto waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika miaka hiyo yote walikuwapo watu waliohesabu rupia za kujinunua, kama yule aliyemwendea Ali.

Mmoja wa watoto wa utumwa alikuja kuwa shehe mkubwa. Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria na liwali wa mji, akafariki mwaka 1931. Kutoka Bagamoyo tarika hiyo ilienea bara pamoja na zikri na nyiradi zake, na mambo hayo yaliwafikia watu wa kawaida ambao hawakuwahi kushika kitabu cha hadithi.

Humo pia desturi imechanganya mambo. Wako wanaoisoma dua ya deni kwa idadi maalumu wakingoja noti zidondoke, na wako wadai wanaomtishia mdaiwa kumsomea Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mtu. Matumizi yote mawili yanaipunja dua. Qurani iliyoamrisha deni liandikwe, katika aya ndefu kuliko zote, ndiyo hiyohiyo iliyoamrisha aliyekwama apewe muda.

Deni la siku hizi linakuja kwa simu. Akina mama wameipa mikopo ya riba kali jina la "kausha damu", na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Anayeshindwa kulipa hupigiwa simu usiku, na jamaa zake hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Huko ndiko kuonewa na watu kunakotajwa mwishoni mwa dua ya Abu Umama.

Mazikoni, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Tangazo hilo lina asili: Mtume alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Lakini wadaiwa wana fungu lao wakiwa hai. Katika makundi manane yanayostahiki zaka wamo wenye madeni, jirani kabisa na wale wanaokombolewa utumwani. Wewe unayetoa zaka mwaka huu, uliza kwanza ni nani mtaani kwako amekwama na deni la halali, umlipie.