Yai la kukhu na unga wa seli shina

Wasee, hii posti ni ya kurudisha maneno yangu. Mwaka jana nililipwa elfu tano nikatangaza unga fulani wa "seli shina za tufaha", ati ukikoroga kwa maji unajenga mishipa ya damu upya. Kodi ya nyumba ilikuwa imenifika shingoni. Shangazi yangu wa Kitale, ambaye ana presha, akaona video, akanunua pakiti, akaacha dawa za kliniki. Nilijua tu alipoanguka sokoni. Sasa amerudi kwa dawa. Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma.

Niliacha chuo mwaka wa pili, so sijifanyi daktari. Nimekuja na historia, na inaanza na yai.

Kule Bungoma, upande wa Chwele, kukhu wangu hupima mayai yaliyoatamiwa kwa tochi ya simu. Siku kama ya tano, yai lenye kifaranga linaonyesha wavu mwekundu mwembamba. Hiyo ni mishipa ya damu.

Wavu kama huo ndio Mjerumani Richard Thoma alikuwa anachunguza. Mwaka 1893 alichapisha alichoona: mshipa ambao damu inapita kwa kasi unapanuka, ule ambao damu inasuasua unanywea, hata kupotea. Ni kama vijia vya mashambani. Kinachopitiwa na wengi kinakuwa barabara, kilichoachwa kinamezwa na nyasi.

Mwaka 1918, W. B. Chapman akaenda mbali zaidi. Alitoa moyo wa kifaranga kabla damu haijaanza kuzunguka. Wavu mdogo ulitokea bado, lakini mishipa mikubwa haikujipanga inavyotakiwa. Mwili ulikuwa na mchoro, ukakosa msukumo wa kuumalizia.

Sasa ruka hadi Tokyo, 2005. Kimiko Yamamoto, Joji Ando na wenzao walichukua seli kutoka kwa seli shina za kiinitete cha panya, zile ambazo zilikuwa bado hazijakomaa kuwa mshipa. Wakapitisha maji yenye virutubisho juu yake, yakizisugua jinsi damu husugua ukuta wa mshipa. Zilizosuguliwa ziliongezeka, zikachukua zaidi tabia za seli za ukuta wa ndani wa mshipa, na zikaunda vijirija vizuri kuliko zile zilizokaa kwa maji yaliyotulia. Kemikali na jeni bado zina kazi yake, lakini seli pia inasikia kinachoipitia.

Sasa rudi kwa ile pakiti. Seli za tufaha, zimekaushwa, zimesagwa, zimeingia tumboni. Tumbo linazimeng'enya kama ugali. Hazifiki kwa mshipa, hakuna damu ya kuzisugua, na hata zingefika, seli ya tufaha haigeuki kuwa ya mtu. Watu wametumia zaidi ya miaka mia moja kuelewa vile mshipa unajijenga, mimi nikauza jibu kwa sekunde arobaini.

Na kuna kitu kingine nilipaswa kujua. Msukumo unaojenga mshipa ukizidi kwa miaka, ukuta unakuwa mnene na mgumu. Hiyo ndiyo shida ya presha. Vile vidonge shangazi aliviacha kazi yake ni kupunguza huo msukumo. Kwa hivyo nilimsaidia kuacha kitu kilichokuwa kinalinda mishipa yake, anunue unga usiofika huko.

Video nimeitoa. Zile elfu tano nimempa shangazi. Lakini najua si yeye peke yake aliyeniamini. Kama wewe, mzazi wako ama jirani aliacha dawa kwa sababu yangu, mrudishe kliniki wiki hii, apimwe presha. Halafu niandikie. Hata kama ni kunitusi, nitasoma.