Nyangumi Aliyeitwa Mfalme wa Mijusi

Hakuna bahari isiyokuwa na kisa cha joka. Katika karne ya 19, kisa kimoja kilipata mifupa.

Mwaka 1834 Richard Harlan, tabibu wa Philadelphia nchini Marekani, alieleza pingili ya uti wa mgongo iliyofukuliwa Louisiana. Ilikuwa kubwa ajabu. Akadhani ni ya mtambaazi wa baharini, akampa mnyama huyo jina la Basilosaurus, yaani mfalme wa mijusi.

Mwaka 1839 Harlan alichukua mifupa mingine ya mnyama huyo hadi London, akamwonyesha Richard Owen, bingwa wa elimu ya maumbile ya mwili. Owen hakuvutwa na ukubwa, alitazama meno. Magego yalikuwa na mizizi miwili, nayo ni dalili ya mnyama anyonyeshaye. Joka likageuka nyangumi. Owen alipendekeza jina la Zeuglodon, lakini kwa kanuni ya wataalamu jina lililotangulia ndilo lenye haki. Kosa likabakia ndani ya jina.

Hata hivyo, watu walilitaka joka lao. Mwaka 1845 Albert Koch, aliyechimbua mifupa Alabama, aliunganisha pingili za wanyama kadhaa, akapata kiunzi cha takriban mita 35, akakitembeza kwa kiingilio New York kama nyoka wa bahari. Mtaalamu Jeffries Wyman akabainisha kwamba huyo hakuwa mnyama mmoja, wala hakuwa nyoka. Koch akakipeleka Ulaya, na mfalme wa Prussia akakinunua.

Basilosaurus wa kweli alikuwa na urefu wa kiasi cha nusu ya huo, na mwili mwembamba uliofanana kweli na nyoka. Alitoweka yapata miaka milioni 34 iliyopita. Mifupa yake imejaa Misri, katika jangwa la Fayum lililokuwa bahari, mahali paitwapo Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi. Kutoka huko, mwaka 1990, Philip Gingerich na wenzake walitangaza jambo ambalo Koch hakuliota: nyangumi huyo alikuwa na miguu ya nyuma, midogo, yenye goti na vidole, isiyoweza kuubeba mwili wake. Wazee wake walitembea nchi kavu.

Koch alirefusha uti wa mgongo ili apate ajabu. Ajabu yenyewe ilikuwa katika mguu mfupi.