Kikomo na Pande Zake Mbili: Mjadala wa London wa 1734 na Urithi wa Al-Jabr

Mwaka 1734 kilitoka London kitabu kidogo kiitwacho The Analyst. Mwandishi wake, George Berkeley, alikuwa ndiyo kwanza amewekwa askofu wa Cloyne huko Ireland. Hoja yake iliwaelekea wanahisabati walioikejeli dini kwa madai kwamba wao hawakubali ila lenye burhani. Aliwauliza: je, hisabu mpya mliyoirithi kwa Isaac Newton nayo ina burhani? Tunalirudia swali hilo hapa kwa sababu ndani yake zilikutana njia mbili za kufikiri ambazo nasaba zake zinawahusu wasomaji wa jarida hili. Moja ni njia ya aljebra. Ya pili ni njia ya kukikaribia kiasi kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili.

Tuanze na lililoshitakiwa. Katika risala iliyochapwa London mwaka 1704 pamoja na kitabu chake cha mwanga, Opticks, Newton alieleza namna ya kupata kasi ya kiasi kinachobadilika. Tuchukue mraba wa x. Tukimwongezea x kipande kidogo, tukiite o, mraba utaongezeka kwa 2xo + o². Tugawanye ongezeko hilo kwa o, tunapata 2x + o. Kisha o itoweke. Kinachobaki ni 2x.

Hapo ndipo Berkeley alipomkamata. Ikiwa o ni kitu, mnayo ruhusa ya kugawanya kwayo, lakini hamna ruhusa ya kuitupa mwishoni. Ikiwa o ni sifuri, basi tangu mwanzo hamkuwa na ruhusa ya kugawanya. Hakukanusha kwamba jawabu ni sahihi. Alichokataa ni uhalali wa njia, na kwa haki tuseme kwamba alikuwa na hoja.

Wawili walisimama kumtetea Newton, ambaye alikuwa ameshafariki tangu 1727. Mmoja ni James Jurin, tabibu aliyewahi kuwa katibu wa Royal Society. Wa pili ni Benjamin Robins, kijana aliyefundisha hisabati London, ambaye mwaka 1735 alitoa risala yake mwenyewe juu ya jambo hili. Haukupita muda watetezi hao wakagombana wao kwa wao katika kurasa za jarida moja la London. Jurin alishikilia kwamba kiasi hukifikia kikomo chake hasa. Robins alisema hakuna haja ya kukifikia: yatosha kwamba kinaweza kukikaribia zaidi ya tofauti yoyote utakayoitaja, hata iwe ndogo vipi. Wanahisabati wa baadaye walikwenda na Robins.

Msomaji asiye mwanahisabati ataliona jambo kwa mfano wa skuli. Chukua x² − 9, uigawanye kwa x − 3, uulize jawabu ni nini x ikiwa 3. Ukiweka 3 moja kwa moja unapata sifuri juu ya sifuri, na hilo si jawabu. Lakini x² − 9 ni sawa na (x − 3) mara (x + 3). Maadamu x si 3, tunaweza kufuta x − 3 juu na chini, ikabaki x + 3. Sasa tujongee. Kwa upande wa kulia, x ikiwa 3.01 tunapata 6.01. Kwa upande wa kushoto, x ikiwa 2.99 tunapata 5.99. Pande zote mbili zinaelekea 6, na 6 ndicho kikomo. Hatukuigawanya sifuri kwa sifuri hata mara moja. Aljebra imeondoa kizuizi njiani, na ukaribiaji ndio uliotoa hukumu.

Lakini pande mbili si lazima zikubaliane. Mfano tunao katika hesabu yetu ya siku. Kwa wazee wa mwambao siku huanza jua likichwa. Anayeikaribia magharibi ya Alhamisi kutoka mchana, hata ikibaki dakika moja, yumo katika Alhamisi. Anayeirudia magharibi hiyo hiyo kutoka upande wa giza, hata akiikaribia vipi, yumo katika usiku wa Ijumaa. Kila upande una kikomo chake, na kikomo kimoja cha pamoja hakipo. Ndivyo ilivyo pia ukichukua ukubwa wa x − 3 bila kujali alama, ukaugawanya kwa x − 3: kulia ni 1, kushoto ni −1. Hapo aljebra haiwezi kufuta chochote mpaka kwanza ujue umesimama upande gani.

Sasa tuje kwenye nasaba. Neno al-jabr lilitoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Maana yake ni kuunga kilichovunjika, kama mfupa unavyoungwa: kiasi kilichopunguzwa upande mmoja hurejeshewa ukamilifu wake, na upande wa pili ukaongezwa vilevile. Al-muqabala ni kuondoa vilivyo sawa pande zote mbili. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi, elimu ambayo sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tuliikuta kwa masheikh wetu bila kuambiwa kuwa ni jamaa ya somo la aljebra.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitarjumu kwa Kilatini huko Segovia. Baadaye alipanga majedwali ya nyota kwa longitudo ya London. London hiyo hiyo ndiko Frederic Rosen alikotoa matini ya Kiarabu pamoja na tarjuma ya Kiingereza mwaka 1831, kutokana na nuskha iliyohifadhiwa Oxford. Rosen alikuwa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa chuo kipya cha London kilichofunguliwa mwaka 1828. Profesa wa hisabati hapo alikuwa Augustus De Morgan, mzaliwa wa Madurai, India, ambaye kitabu chake kikubwa cha 1842 kiliijenga hisabu ya Newton juu ya msingi wa vikomo. Chuo kimoja kilimpa nafasi aliyeitoa al-jabr ya asili na aliyelifundisha jibu la swali la Berkeley.

Njia ya pande mbili nayo ina wazee wake. Archimedes aliibana duara kwa pembenyingi za ndani na za nje. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu na 1040, alilipima umbo linalopatikana kwa kuzungusha parabola. Alilikata vipande vya mviringo, vingine vikibaki ndani ya umbo na vingine vikizidi nje yake. Akaonyesha kwamba tofauti baina ya vya ndani na vya nje yaweza kupunguzwa upendavyo, na kwamba ujazo hauwezi kuzidi wala kupungua sehemu 8 katika 15 za silinda inayolizunguka. Hakugawanya kwa sifuri, wala hakuhitaji kitu kinachotoweka. Swali la Berkeley lisingemgusa.

Tunayasema haya kwa hadhari, maana katika mabaraza yetu husikika makosa mawili. La kwanza ni la skuli za Kiingereza tulizosomea, ambako hisabu hii ilianza kwa Newton na haikuwa na wazazi. Ndiyo iliyotufikia Afrika Mashariki kwa mitihani, na tangu 1949, Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, kwa shahada pia. La pili ni la wanaojibu kwa hasira kwamba yote yaliibwa kwa Waarabu. Al-Khwarizmi aliandika kwa maneno matupu, bila herufi za x, wala hakushughulika na kasi ya kiasi kinachobadilika. Ibn al-Haytham alipima maumbo maalumu, kila moja kwa burhani yake. Hakuweka kanuni moja ya kupatia yote. Kanuni hiyo ni ya zama za Newton na Leibniz. Anayewapa wazee wetu wasichokifanya huwafanya watu watilie shaka hata walichokifanya kweli.

Al-Khwarizmi alijaza kurasa nyingi kuonyesha namna ya kumpa kila mrithi fungu lake, lisizidi wala lisipungue. Wanaoandika historia ya elimu wangefanya vyema kumfuata. Al-jabr ni fungu la Baghdad, na hoja ya pande mbili ni fungu la Archimedes na la Ibn al-Haytham. Kanuni ya jumla ni fungu la Newton na Leibniz, na Berkeley ana lake kwa kuuliza pale wenzake walipotosheka na jawabu sahihi.