Fedha za Safari ya New York: Mchango wa Wameru katika Kesi ya Ardhi, 1951–1952

Habari za Kesi ya Ardhi ya Meru zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na kila zinapoandikwa hutajwa watu wawili: Kirilo Japhet, aliyesafiri mwaka 1952 mpaka New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake Moshi. Wote wawili wastahili sifa, na wenyewe waliieleza kesi hiyo katika kitabu walichokitoa pamoja mwaka 1967. Lakini safari ya kutoka mlima Meru mpaka Amerika haikulipiwa na serikali, bali na Wameru wenyewe, kwa fedha walizozichanga. Hao waliochanga ndio wanaotazamwa hapa, pamoja na swali la jinsi inavyopasa kuwashukuru watu walio wengi namna ile.

Chanzo cha jambo hili ni cha zamani. Tangu miaka ya kwanza ya karne ya ishirini Wadachi walikuwa wamekwisha kugawa ardhi kubwa kandokando ya mlima kwa walowezi, na miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Hata Wameru wakajikuta wamebanwa, juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya wageni. Mahali palipowapa nafasi ya kupumua ni upande wa kaskazini-mashariki, Ngare Nanyuki, jina ambalo kwa Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Huko walilisha ng'ombe na kulima.

Mwaka 1947 ilitolewa ripoti ya tume ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti ilipendekeza kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, upande wa Sanya, iunganishwe iwe eneo moja la walowezi wafugaji, na kwamba Wameru wa Ngare Nanyuki, waliokaa katika mashamba yaliyoandikwa namba 31 na 328, wahamishwe kupelekwa Kingori. Wameru walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ilianza kuwaondoa kwa nguvu. Nyumba zikachomwa moto, na watu takriban 3,000 wakapoteza makao yao.

Katika habari hii yote mna aina tatu za fedha, na Kiswahili kimezitenga vizuri kwa majina yake. Ya kwanza ni kodi, ambayo Mmeru aliitoa kwa kulazimishwa, na ambayo kwa sehemu yake ilimlipa askari aliyekuja kumtoa nyumbani. Ya pili ni fidia, ambayo serikali iliwaandalia waliohamishwa. Fidia hiyo walikataa kuipokea, kwa kuwa kuipokea kungekuwa ni kukubali kwamba ardhi imeuzwa. Ya tatu ni mchango. Neno hili latokana na kitenzi kuchanga, yaani kila mmoja kutoa chake ili vikusanyike vya wote, na ndani yake hamna mkopeshaji wala mdaiwa. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba akakataa fedha aliyopewa na mtawala, kisha akatoa fedha yake mwenyewe kwa ajili ya safari ambayo hakuna aliyeweza kumhakikishia matokeo yake: jambo hilo si dogo, na wanahistoria waliozoea kuhesabu hotuba na maazimio wamelipita upesi mno.

Fedha hizo zilitoka wapi? Jibu kubwa ni kahawa. Wameru wa miteremko ya kusini walikuwa wamekwisha kuipanda kwa miaka mingi, na baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 bei yake duniani ilipanda sana. Kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa na shilingi ambazo wazazi wao hawakupata kuwa nazo. Lakini shilingi haijichangi yenyewe. Wameru walikuwa na koo na marika, na tangu misheni ya Kilutheri ilipojengwa Nkoaranga mwaka 1902 walikuwa na makanisa pia; watu walikuwa wamezoea kukutana, kusikilizana na kupeana zamu. Juu ya mazoea hayo ndipo ulipojengwa Umoja wa Raia wa Meru, chama kilichoshika shauri la ardhi. Yafaa kukumbuka pia kwamba waliofukuzwa Ngare Nanyuki walikuwa sehemu tu ya kabila. Wengi waliotoa mchango walikuwa na vihamba vyao salama upande wa pili wa mlima, na wangeweza kusema kwamba shauri hilo haliwahusu.

Katikati ya mwaka 1952 malalamiko ya Wameru yalisikilizwa na Baraza la Udhamini, kwa maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Mwingereza aliitawala chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. Baraza lilisikitika kwamba watu wamehamishwa bila hiari yao, lakini halikuamuru warudishwe. Baadaye mwaka uo huo shauri lilifika mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Humo Wameru walipata wengi wa kuwaunga mkono; lakini azimio lilipofikishwa katika mkutano wa Baraza Kuu zima halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Kwa hesabu ya mahakama, basi, fedha za mchango zilikuwa zimekwisha na kesi imeshindwa.

Hapa ndipo swali la shukrani linapokuwa gumu. Siku hizi wako watu wanaotunga programu za kompyuta kwa kujitolea na kuziacha huru kwa kila mtu, nao wana desturi njema: huandika majina. Programu ya Linux imekuwa na faili la majina ya waliochangia tangu miaka ya 1990. Na jamii ya programu hizo si ngeni Tanzania, kwa kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Aliyetoa fedha, aliyesahihisha kosa moja, aliyetafsiri maneno machache, wote waweza kupata mstari wao. Vitabu vya historia havikuwafanyia Wameru hivyo. Vimeweka majina ya wajumbe na majaji, na waliochanga vimewaita kwa jina moja tu, "Wameru".

Hata hivyo si kweli kwamba hawakushukuriwa. Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hurudi kueleza alikotoka. Kirilo aliporudi hakuwa na ardhi mkononi, ila alikuwa na habari: kwamba mtu wa Tanganyika aweza kumshtaki mtawala wake mbele ya dunia naye akasikilizwa. Habari hiyo hakuifungia mlimani, bali alizunguka sehemu nyingine za Tanganyika pamoja na watu wa T.A.A. kuieleza. Mwezi wa Julai 1954 T.A.A. ikageuzwa kuwa TANU, na mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, katika chumba ambacho Wameru walikuwa wamekwisha kukifikia kwa fedha za kahawa. Mchangaji si mfadhili wa nje wa kuandikiwa barua ya asante. Yeye ni mwenye shauri, na haki yake ya kwanza ni kupewa hesabu.

Ufugaji wa walowezi uliokusudiwa na ripoti ya 1947 haukustawi kama ilivyotarajiwa, na Wameru wakarudi Ngare Nanyuki. Kirilo Japhet alifariki mwaka 1997; Seaton alikuwa amemtangulia mwaka 1992, baada ya kuwa jaji Tanzania na Jaji Mkuu wa Visiwa vya Shelisheli. Ngarenanyuki sasa ni kata ya Wilaya ya Meru, na nyanya zake huteremshwa kwa malori mpaka masoko ya Arusha. Wengi wa wazee waliotoa shilingi zao katika miaka ile wamezikwa migombani upande wa pili wa mlima, katika vihamba ambavyo havikuwa hatarini hata siku moja.